Fungu la Hati



Mtu anayejenga huwa mtaalamu wa bei kabla hata msingi haujachimbwa. Mwamshe usiku wa manane umuulize mfuko wa saruji unauzwaje, atakutajia bei ya dukani na bei ya kiwandani. Anajua nondo ya milimita 12 inaizidi ya milimita 10 kwa kiasi gani. Anajua lori la mchanga linashushwa kwa shilingi ngapi, bati la geji 28 lina tofauti gani na la geji 30, na fundi wa kupaua anataka nini mkononi kabla hajapanda juu. Daftari lake limejaa. Sasa muulize jambo moja tu: hati umeitengea kiasi gani? Hapo kalamu inasimama. Jibu ni lile lile kila mahali: tujenge kwanza, mambo ya hati tutayaona mbele ya safari.

Leo nataka tulizungumzie fungu hilo lisiloandikwa: pesa ya wakili, pesa ya msajili, pesa ya mpima na mthamini, na kodi zinazofuatana nazo. Nitazungumzia Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina sheria zake za ardhi na ofisi zake.

Wengi husema watu hawapati hati kwa sababu hati ni ghali. Mimi sikubaliani na usemi huo jinsi ulivyo. Watu wanalipa, tena wanalipa pesa nyingi, ila wanailipa kwenye meza isiyowapa haki yoyote, halafu wakifika kwenye meza yenye haki mfuko umeshatoboka. Tunatoa asilimia 10 isiyo na sheria bila kunung'unika, na tunakimbia asilimia 1 iliyoandikwa kwenye sheria. Hilo ndilo nataka tulitazame kwa shilingi zake.

Tuanze na kile unachonunua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wewe unayenunua kiwanja unanunua haki ya kukitumia kwa muda uliotajwa: miaka 33, au 66, au 99. Haki hiyo huishi kwenye maandishi. Ukuta unaonekana kwa macho na bati linaonekana kwa macho, lakini haki yako ya kukaa pale haionekani popote isipokuwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Na kwa ardhi ambayo tayari imesajiliwa, sheria ya usajili haina utata: uhamisho haukamiliki mpaka usajiliwe. Mmeandikishana, mmepeana mikono, umelipa mpaka senti ya mwisho, umeshajenga mpaka lenta. Ikiwa daftari bado linasoma jina la muuzaji, basi mbele ya sheria safari yako haijafika.

Sasa tufuate pesa inavyokwenda. Tuseme umepata kiwanja cha shilingi milioni 20 pembezoni mwa mji. Kwa kawaida hatua ya kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo mnaandikishana, mashahidi wanasaini, mwenyekiti anagonga muhuri. Halafu linakuja lile ombi ambalo kila aliyewahi kununua kiwanja mjini analifahamu: asilimia 10 ya ofisi. Kwa kiwanja chetu hiyo ni milioni 2.

Niseme wazi. Hakuna sheria ya ardhi inayoipa ofisi ya mtaa asilimia 10 ya bei ya kiwanja chako. Viongozi wa serikali wameikemea tozo hii hadharani mara nyingi, na bado inaendelea, kwa sababu mnunuzi anaogopa. Anaona akikataa, kesho atakuwa mgeni mtaani asiye na mtu wa kumtetea.

Simaanishi kwamba ofisi ya mtaa haina kazi. Ina kazi kubwa. Mwenyekiti na mjumbe ndio wanaojua kama kiwanja kile kina ugomvi wa mirathi, kama kimeshauzwa kwa mtu mwingine, kama mpaka wake unagombaniwa na jirani. Nenda kwao, tena uende kabla ya kutoa pesa yoyote. Majirani nao waulize, hasa wale wazee waliokaa pale tangu eneo likiwa shamba. Kama halmashauri yako ina ada ndogo ya barua au ya huduma, lipa, na udai stakabadhi ya serikali. Lakini muhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba watu wamekuona ukinunua. Hausajili uhamisho, na hauwezi kumzuia mtu mwenye hati.

Na ikiwa eneo ni ardhi ya kijiji, hesabu inabadilika. Huko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ndiyo inayotawala, na idhini ya halmashauri ya kijiji ni lazima. Usitosheke na saini ya mwenyekiti peke yake. Omba kuona muhtasari wa kikao kilichokaa na kuidhinisha.

Meza ya pili ni ya wakili. Hapa napenda tutulie kidogo, kwa sababu pana imani iliyoenea ambayo imewaponza watu. Mawakili wetu wengi ni wathibitishaji wa nyaraka na makamishna wa viapo. Mnakwenda wawili, mnatoa vitambulisho, mnasaini mbele yake, anagonga muhuri wake. Mnunuzi anatoka ameridhika: mambo yamepita kwa mwanasheria, yamekwisha.

Muhuri ule unathibitisha nini? Unathibitisha kwamba aliyesaini ndiye yule aliyetajwa, na kwamba alisaini mbele ya wakili siku ile. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye kiwanja. Hauthibitishi kwamba hati haiko benki kwa rehani. Zipo nchi ambazo mthibitishaji hubeba mzigo huo. Ujerumani, kwa mfano, mkataba wa kuuza ardhi hauna nguvu usipoandikwa mbele ya mthibitishaji aliyeteuliwa na serikali. Yeye mwenyewe hutazama daftari la ardhi, na ada yake imepangwa na sheria, hakuna mapatano. Mtanzania anayeishi huko anaweza kurudi nyumbani akidhani muhuri wa hapa una uzito ule ule. Hauna. Hapa kwetu kuthibitisha saini ni kazi moja, kuchunguza umiliki ni kazi nyingine, na kusimamia uhamisho mpaka hati itoke ni kazi ya tatu. Ukilipia ya kwanza, umepata ya kwanza tu.

Kwa hiyo unapokaa na wakili, muulize kwa lugha ya kawaida: bei hii uliyonitajia ni ya kuandika mkataba peke yake, au ni mpaka hati isome jina langu? Upekuzi umo? Kufuatilia ofisi ya ardhi kumo? Na je, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imeshahesabiwa ndani? Mwambie aandike. Wakili mwema haoni haya kuandika bei yake, na asiyetaka kuiandika amekupa jibu.

Kwa walioko nje ya nchi wanaojenga kupitia kaka, dada au mjomba, ongezeni mstari mmoja. Hati ya kumpa ndugu nguvu ya kisheria ya kutenda kwa niaba yenu inasainiwa mbele ya mthibitishaji wa huko mliko au ubalozini, na ikihusu ardhi iliyosajiliwa nayo hupelekwa kusajiliwa. Bila hiyo, ndugu ananunua kwa jina lake, na maneno ya kwenye simu hayatasomwa na Msajili.

Tumefika meza ya tatu, ya ofisi ya ardhi na mamlaka ya mapato. Kiwanja chetu ni kile kile cha milioni 20, kimepimwa na kina hati.

Cha kwanza ni upekuzi, ule ambao mjini wanauita sachi. Unaomba kwa Msajili wa Hati akuambie kitabu kinasemaje: mwenye haki ni nani, kuna rehani, kuna zuio la mahakama, kuna mtu ameweka pingamizi. Ada yake ni ndogo, haizidi bei ya mifuko michache ya saruji. Katika gharama zote nitakazozitaja leo, hakuna shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko hii. Nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu muuzaji ana haraka na dalali anapiga simu kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani. Mwambie dalali amkaribishe huyo mteja mwingine. Sachi kwanza.

Cha pili ni deni la pango la ardhi. Mwenye hati hulipa pango kila mwaka, na wapo wasiolipa kwa miaka. Deni linakaa kwenye kiwanja, na uhamisho hautapita likiwa halijalipwa. Omba kuona malipo ya mwaka huu na ya miaka ya nyuma. Likiwepo deni, likatwe kwenye bei.

Cha tatu ni uthamini. Mthamini anakwenda kiwanjani, anaandika taarifa, nayo inaidhinishwa upande wa serikali. Taarifa hiyo ndiyo inayotumika kukadiria kodi, kwa hiyo ile bei mliyoandika kwenye mkataba haisimami peke yake. Nitairudia hoja hii muda si mrefu.

Cha nne ni ushuru wa stempu. Kwa mauziano ya kiwanja cha mjini ni takriban asilimia 1 ya thamani. Kwa milioni 20 ni laki 2 kasoro kidogo. Wenzetu wa Kenya hulipa asilimia 4 mijini na asilimia 2 mashambani, kwa hiyo sisi hatuna sababu kubwa ya kulia. Ushuru huu unatakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Ukichelewa, kuna adhabu. Na jambo ambalo watu hawalijui mpaka siku ya kesi: mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Umekwenda kutetea nyumba yako, umeshika karatasi yako, na wakili wa upande wa pili anasimama kuomba isisomwe.

Cha tano ni ada za idhini na usajili wenyewe. Muuzaji anatoa taarifa ya uhamisho, idhini inaombwa, hati ya uhamisho inasainiwa, zile fomu zinazojulikana kwa namba 29, 30 na 35. Kama muuzaji ana mwenza wa ndoa, kibali cha mwenza huyo kinahitajika kwa nyumba ya familia; kama hana, anaapa kiapo kwamba hana. Usikiruke kiapo hicho kwa kuona aibu ya kuuliza. Mke ambaye hakushirikishwa anaweza kuusimamisha uuzaji mahakamani, na sheria iko upande wake.

Cha sita ni kodi ya faida ya mtaji. Hii ni ya muuzaji. Ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, siyo asilimia 10 ya bei. Aliyenunua kwa milioni 8 akauza kwa milioni 20, faida yake kabla ya kutoa gharama nyingine zinazokubalika ni milioni 12, kodi yake milioni 1 na laki 2. Mtu ataniambia: hiyo ni yake, inanihusu nini mimi mnunuzi? Inakuhusu kwa sababu Msajili hasajili uhamisho mpaka mamlaka ya mapato itoe cheti kwamba kodi hiyo imemalizwa. Muuzaji ameshachukua milioni 20 zake, amerudi kwao, simu hapokei. Wewe umekaa na mkataba mzuri usiosajilika. Wengi huishia kulipa kodi ya mtu mwingine ili wapate hati yao.

Dawa yake inakaa kwenye mkataba, siku ile ile mnayopatana bei. Andikeni nani analipa kipi, kwa majina: ushuru wa stempu mnunuzi, kodi ya faida muuzaji, deni la pango muuzaji, uthamini nani, usajili nani. Kisha usilipe bei yote siku hiyo. Sehemu ya mwisho ibaki kwa wakili mliyekubaliana, itoke pale cheti cha kodi kitakapopatikana na nyaraka kupokelewa. Muuzaji mkweli atabishana nawe juu ya kiasi cha kubakiza. Anayekataa kabisa lazima umuulize kwa nini. Na katika muda wa kusubiri, unaweza kuomba zuio liwekwe kwenye daftari la Msajili, ili asije mwingine akauziwa juu yako.

Sasa nirudi kwenye bei ya mkataba. Upo mchezo ambao pande zote mbili huushangilia: mmeuziana kwa milioni 20, mnaandika milioni 7, ili ushuru upungue na kodi ya muuzaji ipungue. Acha kwanza kwamba ni uongo kwa serikali. Hesabu tu faida yako mwenyewe. Ushuru utakaoukwepa kwa milioni 13 zilizofichwa ni kama laki 1 na elfu 30. Kiwanja kikigeuka kuwa na mgogoro na mahakama ikaamuru urudishiwe pesa, utarudishiwa zile zilizoandikwa. Umehatarisha milioni 13 kwa laki 1 na elfu 30. Tena mthamini atakuja na thamani yake, na mkadiriaji ataisoma hiyo. Na wewe mnunuzi ukija kuuza siku moja, gharama yako ya kununulia itaonekana ni milioni 7, kwa hiyo faida yako itavimba na kodi yako itavimba nayo. Muuzaji alipunguza kodi yake, nawe ukaibeba kwenye mgongo wako bila kujua.

Nimetaja kiwanja chenye hati. Lakini wengi wetu tunanunua kisichopimwa, kwa sababu ndicho tunachokiweza. Huko fungu la hati ni refu zaidi: kuna kupimwa, kuna ramani ya upimaji kuidhinishwa, kuna kumilikishwa, kuna tozo ya mbele, ada ya hati, ada ya usajili na pango la mwaka wa kwanza. Serikali imekuwa ikiendesha urasimishaji wa makazi, majirani wa mtaa mzima wakichangia kupimwa kwa pamoja, na iliwahi kuweka kikomo cha shilingi 150,000 kwa kiwanja. Tozo ya mbele nayo imeshushwa mara kadhaa. Hizi ni nafuu za kweli. Lakini tumeona pia kampuni za upimaji zilizokusanya pesa za wananchi zikaacha kazi njiani. Kwa hiyo mtaa ukikubaliana kupimwa, pesa ziingie kwenye akaunti ya pamoja, zitoke kwa hatua: kidogo wakianza, kidogo wakiweka bikoni, kilichobaki ramani ikiidhinishwa. Fundi wako wa nyumba humlipi yote siku ya kuchimba msingi. Mpima naye afuate utaratibu huo.

Na anayenunua kisichopimwa ajue hatari moja ya mipango miji. Michoro ikija, kiwanja chako kinaweza kuangukia kwenye barabara au eneo la wazi. Kabla hujamwaga zege, pita ofisi ya mipango miji ya halmashauri uulize kama eneo lina mchoro. Swali hilo halina gharama kubwa.

Ukishapata hati, usidhani fungu limefungwa. Kibali cha ujenzi kinataka nyaraka za umiliki na michoro ya wataalamu. Weka pesa ya mchoraji na ya kibali kabla ya kuita mafundi. Hati yenyewe ina masharti nyuma yake, na wengi hawajawahi kuyasoma. Lipo la muda wa kujenga, ambalo kwa kawaida ni miezi 36. Lipo la matumizi: hati ya makazi haikuruhusu kufungua gereji. Pango ni la kila mwaka. Na nyumba ikishaingia umeme, kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Tangu mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Hapo naomba mwenye nyumba anisikilize kwa makini zaidi. Tunza risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya saruji, ya nondo, ya bati, ya mthamini, ya wakili, ya ushuru wa stempu, zote ni sehemu ya gharama ya nyumba yako mbele ya mamlaka ya mapato. Sheria ya Kodi ya Mapato inamsamehe kodi ya faida mtu anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka 3 au zaidi, ikiwa faida yake haizidi shilingi milioni 15. Ni msamaha mzuri kwa mtu wa kawaida. Lakini utaonyeshaje kwamba faida haikuzidi milioni 15 ikiwa risiti ulizitumia kuwashia mkaa? Ukinunua bati dukani na muuzaji akakuuliza unataka na risiti au bila risiti, jua kwamba hilo bila risiti lina bei yake, utailipa baadaye.

Sasa tujumlishe. Kwa kiwanja kilichopimwa chenye hati, ambacho kodi ya muuzaji inabaki kwa muuzaji, mimi nashauri utenge asilimia 8 ya bei kwa ajili ya wakili, upekuzi, uthamini, ushuru, ada za usajili na nauli za kufuatilia. Kikibaki, nunua milango. Kwa kiwanja cha bei ya chini ongeza kidogo, maana zipo ada zisizopungua hata kiwanja kikiwa cha bei ndogo. Kwa milioni 20, asilimia 8 ni milioni 1 na laki 6. Linganisha na milioni 2 za meza ya kwanza. Safari yote ya kisheria, mpaka jina lako lisomeke kwa Msajili, inaweza kugharimu pungufu ya kile tunachokitoa mtaani mchana mmoja.

Kwa nini basi watu wanakwenda kule? Hapa siwezi kumbebesha mwananchi lawama zote. Meza ya mtaa iko karibu, inatoa jibu siku hiyo hiyo, na bei yake inajulikana hata kwa mtoto. Meza ya serikali ina madirisha mengi. Unaambiwa bili ya kwanza, unalipa, unaambiwa kuna ya pili kwenye jengo lingine, unalipa, unaambiwa mthamini hajaidhinishiwa taarifa yake. Mtu mwenye kipato kidogo anaweza kuvumilia bei kubwa kuliko anavyoweza kuvumilia bei asiyoijua mwisho wake. Wizara ya Ardhi imesogeza ofisi zake mpaka mikoani, na malipo ya serikali sasa yanapita kwa namba maalumu, ile tunayoiita kontro namba, hatua ambayo imewapunguzia nafasi wenye mikono mirefu. Ni jambo la kusifiwa. Lakini bado mnunuzi anastahili kupewa karatasi moja, siku ya kwanza, yenye ada zote mpaka mwisho. Kila halmashauri ingeweza kubandika karatasi hiyo ukutani, na ofisi ya mtaa nayo ikabandika yake. Ofisi ya mtaa isiyoweza kuandika asilimia 10 ukutani kwa herufi kubwa isiidai kwa sauti ndogo.

Mpaka siku hiyo ifike, tumia kanuni hii: malipo ya serikali yana namba ya malipo na stakabadhi. Ukiombwa pesa isiyo na vyote viwili, siyo ada ya serikali, ni ombi la mtu. Na ombi la mtu unaweza kulikataa kwa heshima.

Na kwa wewe ambaye umeshajenga, watoto wameshakulia humo, na hati bado inasoma jina la muuzaji wa zamani: usisubiri muuzaji afe. Akiwa hai anasaini fomu. Akifa unaanza kutafuta msimamizi wa mirathi, warithi wanaanza kupiga hesabu ya kiwanja kwa bei ya leo, na fungu ambalo lingekuwa la laki kadhaa linageuka kuwa la wakili wa kesi. Mtafute wiki hii. Mpigie simu, msalimie, ulizia familia, kisha mwambie unataka kumaliza lile jambo, na nauli yake ya kuja kusaini utamlipia wewe.

Anayeanza sasa ana kazi nyepesi zaidi. Fungua daftari lako la ujenzi, ukurasa ule wenye saruji na nondo. Juu yake kabisa, kabla ya kuchimba msingi, andika: hati, asilimia 8. Kisha ondoa kiasi hicho kwenye pesa uliyonayo, na kilichobaki ndicho uende nacho kupatana bei ya kiwanja. Ukiona kilichobaki hakitoshi kiwanja unachokitamani, basi kiwanja hicho hukiwezi bado. Tafuta kidogo zaidi, au subiri. Afadhali vyumba viwili ambavyo hakuna atakayekuja kukuuliza ulivipataje.